Vidole vya Muuza Njugu

Meza, kigoda, nangoja,
wanunuzi wanakuja,
sauti yangu ni moja:
"Njugu za moto Langoni!"

Korosho hutoka Witu,
ufuta, shamba la watu,
njugu ni gunia tatu
zalazwa juu darini.

Hukaanga kwa mchanga,
nyota zingalipo anga,
nageuza, nazipanga,
kisha natia ungoni.

Mume wangu Bwanaadi
mafuta yalimzidi
kwenye damu, ikabidi
aende sipitalini.

Dakitari, kijana tu,
kasema, "Mzee wetu,
nyama ya mafuta katu
isirudi sahanini.

"Kula njugu na korosho,
kiganja, hapo ndo mwisho;
chumvi kwa moyo ni tisho,
itoe mle chunguni."

Kiganja chake ni jembe!
Huchota kama kwa kombe,
akasema nisigombe,
yumo ndani ya kanuni.

Mwezi wa pili kitambi
kimejaa kama tumbi.
"Njugu ni dawa, si dhambi,"
asema, yu kitandani.

Nikahesabu mwenyewe:
asubuhi tu apewe,
thelathini ndizo ziwe,
kwa kijikombe mezani.

Rajabu kapimwa tena,
mafuta si mengi sana,
kanzu haikumbana
akenda msikitini.

Nikazidisha kelele:
"Njugu dawa ya milele!
Njooni hapa, zi tele,
mwataka nini dukani?"

Masika, dari yavuja,
lalowa gunia moja,
jirani Shee akaja
akanambia pembeni:

"Anika, ukaange tu,
chumvi hufunika kutu,
nani ataona kitu
njugu ikiwa kinywani?"

Nikapasua: nyeusi,
kuvu ya kijani, basi.
Sumu yake si rahisi,
hushuka hadi inini.

Nikalichoma gunia,
faida naangalia
moshini ikiishia,
na paka wote mbioni.

Sasa nije kwa Somoe
wa Lali, nisipotee,
mtoto nimleae,
alalaye mgongoni.

Harusi ya Mwanaidi,
kashata zilizozidi,
akapewa, kama Idi,
kipande cha mkononi.

Kafura mdomo, shavu,
pumuzi nyembamba, kavu,
vipele hadi ubavu,
macho yazama usoni.

Lali kamtwaa mbio,
vichochoroni, kilio,
punda kaziba pitio
na mchanga makandani.

Sindano moja ya paja,
pumuzi haba ikaja,
tukashukuru pamoja
tumekaa sakafuni.

Yule yule dakitari
aliyetupa habari
ya njugu, kwa tahadhari
akatuita chumbani:

"Kwa huyu njugu ni panga,
iwe mbichi, iwe unga,
hata ganda la karanga
lisimguse ngozini."

Nikatazama vidole:
vyakaanga tangu kale,
vimenunua mchele
na vitabu vya shuleni.

Na leo vidole hivi
vyaingia kama mwivi,
naosha mpaka kivi
kwa sabuni birikani.

Buibui nalivua,
leso safi nachukua,
ndipo naye, akijua,
huja mbio kifuani.

Sijaacha biashara;
Bwanaadi yu imara,
thelathini, si papara,
hula kule barazani.

Na ajaye na mtoto,
nafunika njugu moto,
nauliza, neno zito,
namtazama machoni:

"Ameshakula awali?
Huyo mdogo, wa pili,
meno yake si kamili,
itamkwama kooni."

Wengine hukasirika,
vikopo wakaviweka:
"Njugu, au kuteseka?"
Huhamia kwa jirani.

Nami jioni narudi,
mauzo hayakuzidi,
naosha, ndiyo ahadi.
Somoe yuko ngazini.

Avinusa vyangu vyote,
harufu asiipate,
ndipo anipe mkate
ulioumwa pembeni.