Sababu ya Kusimama

Kazi yangu ni kutoendesha.
Naketi nyuma ya usukani unaojizungusha wenyewe,
viganja juu ya mapaja, vidole nusu vimekunjwa,
tayari. Mkataba umeandika hivyo: tayari.
Mkono mtupu haulambwi, walisema waliosema,
lakini wangu hulipwa kila tarehe ishirini na tano.

Saa tisa na nusu usiku, Dobong.
Theluji ya jana imekuwa kioo cheusi kando ya barabara.
Wanapanda wale wale:
Mal-sun, glavu za mpira za waridi zikichungulia mfukoni,
Cheom-rye na mshipi wake wa mgongo,
mabawabu wawili wanaogombana tangu vuli
kuhusu bei ya kabichi.
Wanakwenda Seoul ya maghorofa kupiga deki,
na sharti ni moja: ofisi ing'ae,
na asiwepo wa kushukuriwa.

Zamani njia hii ilikuwa ya Dereva Pyo.
Alitukana taa nyekundu kwa majina.
Alijua nani ana goti, nani ana mjukuu mwenye mtihani.
Na alingoja. Ratiba haikumruhusu, lakini alingoja,
mguu kwenye breki, akijifanya anafuta miwani.

Basi hili halina miwani.
Lina macho kumi na manne.
Linaona paka chini ya gari lililoegeshwa,
linaona mfuko wa plastiki ukipaa, linausamehe.
Saa tisa na dakika hamsini na sita linafunga mlango.
Si hamsini na saba.

Jumanne ile nilimwona Ok-bun kwenye kioo cha pembeni
akitokea kichochoro cha duka la dawa,
anakimbia kwa goti moja na nusu,
mkono juu, chupa ya chai ya shayiri ikimpigapiga ubavuni.
Basi nalo lilimwona. Kwenye skrini
alikuwa kisanduku cha kijani:
mtu, mita ishirini na mbili, si hatari.

Nikabonyeza kitufe chekundu.

Uzito wote wa basi ukaniangukia viganjani
kama mtoto aliyelala anavyokabidhiwa.
Mal-sun akasema, "Kumbe mikono unayo."
Ok-bun alipanda akihema. Hakunitazama mimi.
Aliuinamia usukani, akauambia asante.

Kisha fomu. Sababu ya kusimama:
mtembea kwa miguu mbele ya gari,
mnyama,
hitilafu,
kitu kisichotambulika.
Nilikaa nayo mpaka tukavuka Mto Han.
Hapakuwa na mahali pa goti.
Nikachagua kitu kisichotambulika,
mimi niliyemtambua tangu mbali, kwa mwendo tu.

Nilisimama mara kumi na moja kabla ya Februari.
Kisha Ok-bun hakuja. Wamemtia chuma gotini,
alisema Mal-sun, yuko Incheon kwa mwanawe,
anatazama televisheni mchana kutwa na anaichukia.

Jumatatu hii, viganja juu ya mapaja,
sijagusa kitu,
basi limepunguza mwendo.
Pale kwenye kichochoro. Hapana mtu.
Duka la dawa limeshusha mlango wa bati,
taa yake ya kijani inawakia theluji peke yake.
Limesita pumzi moja, mbili,
kama mtu anayefuta miwani.
Halafu tukaenda.

Mchana Mhandisi Seok alinipigia simu.
Kosa dogo, alisema, limejifunza vibaya.
Alhamisi watalifuta.

Nimewaambia abiria wangu. Mabawabu wamenyamaza,
hata kabichi imenyamaza.
Cheom-rye amesimama, akashika mhimili, akaja mbele,
akaupapasa usukani mara moja
kama anayempapasa ng'ombe wa kulimia shingoni,
akarudi kuketi.