Mstari wa Tano

Chupa ni moja, dozi ni tano,
na ikishafunguliwa haimsubiri mtu.
Ndiyo maana nesi Tekla hafungui
mpaka benchi la zahanati ya Mahurunga
litimize makalio matano.

Wamefika wanne.
Somoe, na kuku wa kuuza aliyefungwa miguu.
Chipoka, fundi baiskeli, grisi hadi viwikoni.
Mwalimu Litunungu, anasahihisha madaftari gotini.
Na mama mmoja katoka shambani moja kwa moja,
bado ananukia mabibo.
Nimewachora vijiti vinne, kwa penseli, vyepesi,
wasije wakaondoka nikabaki nafuta.

Simuni mwangu dunia imetandazwa kama mkeka.
Waliomaliza, kijani kibichi. Walio njiani, manjano.
Sisi weupe, unga wa muhogo.
Juu yake tarakimu zinakimbia,
bilioni, bilioni na ushei,
kama mita ya petroli mwenzio anapojaza tangi.
Nikaweka kidole penye Ruvuma:
kikafunika mto, kikafunika wilaya, kikafunika benchi,
kikamfunika na kuku.

Saa saba. Chipoka anasema ana mteja.
"Kaa," Somoe akamwambia.
"Hela ya korosho tuliingoja miezi mitatu,
tutashindwa kumngoja mtu mmoja?"

Saa nane akaingia kijana,
kandambili moja nyekundu, moja ya bluu.
Atanazi Nkalapa. Anaokota korosho za watu, kwa debe.
Kavuka mwezi uliopita;
nyumba yao ng'ambo ni majivu.
Kitambulisho? Hana.
Namba ya simu? Akazitazama kandambili.
Fomu inauliza: raia wa wapi.
Kalamu yangu ikabaki hewani.

Tekla hakunigeukia.
Niliisikia chupa tu, tik, kifuniko kikibanduka.
"Bega ni bega," akasema. "Hayo mengine utaandika baadaye."

Nikamchora.
Ule mstari unaolala juu ya wenzake,
kama mtu avukaye maji
kashikilia mabega ya wanne.

Jioni nikapanda kichuguu chenye mtandao,
nikatuma: Mahurunga, tano.
Nikaifungua ramani. Weupe huku,
weupe ng'ambo,
katikati uzi mwembamba wa mto.
Sijui wamemhesabia upande gani.
Kwenye fomu pale penye "raia wa wapi"
bado hapana neno,
ila alama ya kidole,
ya grisi, sijui ya nani.