Kibonyeo kwenye Mpini

Apondi alianza na paja la ng'ombe
kutoka buchari ya Kibuye, mafuta yake bado yana joto.
Akalitoboa kwa keekee ya seremala, akakosa.
Jumamosi nzima alikosa.

Kisha akaja kwetu tiata,
akasimama ukutani siku tatu.
Daktari hakumuuliza kitu. Aliniuliza mimi:
"Sista, mbona unakishika hivyo?"

Kwa sababu glavu ikilowa damu huteleza.
Kwa sababu stima ikipotea
tundu la skrubu hutafutwa kwa ncha ya chuma,
kama ufunguo mlangoni usiku,
na kijana wa bodaboda wa Ahero, paja limekatika pawili,
hawezi kungoja taa.
Kwa sababu mimi ni mashoto.
Darasa la pili nilichapwa kwa ajili ya mkono huu.

Leo gazeti lina picha: chombo juu ya mahameli,
tuzo ya kioo, tai za wakubwa.
Wametaja uzito. Wametaja bei.
Kibonyeo kwenye mpini, upande wa kushoto, hawakukiona.

Nakitoa kwenye mvuke alfajiri, nakiacha kipoe.
Kidole changu cha gumba huingia pale
bila hodi.