Ndewe

Wahenga walisema sikio halipiti kichwa.
La Mfaume lilikuwa njiani.
Darasa la tatu walimwita Dishi,
wakamzungusha mabega saa ya mapumziko:
"Geuka kidogo, Dishi, picha inakatika."
Akaanza kulala na leso yangu kichwani,
ameifunga mwenyewe, fundo chini ya kidevu,
kama ajuza anayeumwa jino.

Mnada wa pili wa korosho bei ikashika.
Nikalipa deni la salfa,
nikatenga fungu la masikio.
Tukateremka kutoka Newala alfajiri, watatu:
yeye, mimi, na mama yangu Bi Somoe,
ambaye haji kutibiwa, alisema, anakuja kuona
ngozi ya mtoto inavyopunguzwa kama gauni.

Daktari alichora kwa kalamu ya zambarau
mstari mwembamba nyuma ya sikio.
"Tunatoa kipande cha ngozi, kama mbegu ya boga,
tunalaza gegedu, tunashona.
Kusikia hatukugusi."
"Na nikiitwa kwa mbali?"
"Utasikia."
"Hata nikiitwa Dishi?"
Daktari akaitazama kalamu yake.

Kisha akamwona mama.
Ndewe ya kulia nzima, pana,
ilikaa jasi la mpingo hadi mwaka wa njaa,
likaenda kwa debe la makopa.
Ya kushoto imechanika,
ncha mbili zinaning'inia, kila moja na lwake.
"Hii nayo, bibi, ni kazi ya nusu saa. Sikutozi."
Mama akacheka, akaninyooshea kidole.
"Huyu ndiye mchanaji. Miezi tisa, yuko mgongoni,
jino la kwanza linamwasha,
akashika jasi, akavuta mpaka mwisho.
Liache hivyo, baba.
Picha yake ya utotoni sina nyingine."

Nina miaka arobaini na moja.
Ndiyo kwanza nasikia.

Bandeji ilipotoka, Mfaume aliomba kioo.
Akageuka kushoto, akageuka kulia,
akakirudisha bila neno.
Shuleni walimkodolea macho hadi kengele,
wakakosa pa kuanzia,
wakahamia kwa mtoto wa Mwalimu Nambunga, mwenye pengo.
Naye Mfaume akacheka nao.
Nilimsikia kwa masikio yangu, pale uani,
akimwita mwenzake Geti.

Mkono ulishaondoka kwenda kumvuta sikio.
Ukasimama hewani,
karibu na kovu,
sijui wa kumvuta ni yeye
au ni nani.