Namba ya Chesesi

Alikuja Nachingwea msimu wa korosho,
mtu wa minada, glavu nyeupe, tochi mchana kweupe,
akiulizia gari la bwana mmoja wa karanga
aliyeondoka kabla reli haijang'olewa.
Yaliundwa kumi na saba tu, alisema, huko Uingereza.
Kumi na sita yanajulikana yalipo,
kila moja lina blanketi lake na mlinzi.

Bi Somoe Likwata akampeleka uani.
Usukani: watoto waliuchezea hata ukapotea.
Viti vya ngozi: makubadhi, jozi nne, yamekwisha lami.
Injini ilisaga mahindi ya Naipanga miaka tisa,
ikafa kifo cha kawaida.
Na bodi, lile bati jepesi lisiloshika kutu,
Chilumba aliliyeyusha
akasubu masufuria.

"Hakuna kilichobaki?"

Kibati cha namba, upana wa vidole vitatu,
kimepigiliwa mlangoni kwa kuku.

Mgeni alipiga magoti palepale kwenye mavi.
Akakisugua kwa leso, akasoma tarakimu moja moja
kama anayetafuta jina la mamaye makaburini.
Akalipa. Kiasi hatukitaji;
kuku sasa wana sakafu ya saruji.

Huko kwao wataunda gari zima
kuizunguka namba ile,
bati jipya, ngozi mpya, injini ya kuazima,
nalo litaitwa lenyewe hasa.

Kabla hajaondoka alikula wali kwa kisamvu,
akasifu upishi, akaongezewa.
Ukoko alikwangua mwenyewe,
kijiko kikilia kwenye chuma cha Kiingereza.
Hakuuliza sufuria.