Ripoti ya Safari, Kifungu cha Saba

Ofisi ya elimu yataka kurasa kumi kufikia Jumatatu.
Kifungu cha kwanza, waliosafiri: walimu kumi na mmoja wa historia,
wa Tudor, Likoni, Changamwe, Jomvu,
na Mwalimu Shebwana aliyebeba mikate ya mofa
kana kwamba Ufaransa hawaoki.

Asubuhi walitupeleka makaburini.
Mawe meupe, yamepangwa kama darasa la kwanza siku ya mkaguzi,
kila jiwe na jina, umri, kikosi.
Hata asiyejulikana ana jiwe, limeandikwa kuwa hajulikani.
Mwalimu Umazi alihesabu hadi mia nne, akaacha,
akasema upepo unamwumiza macho.
Hapakuwa na upepo.

Mchana walitushusha handakini.
Jioni walitushusha handaki jingine.
Mkalimani alikuwa na maneno mawili, mimi nina moja:
shimo la kungojea risasi, shimo la kulaza mvinyo,
yote handaki. Sikumsahihisha Shebwana
alipoandika daftarini, "Tumezuru mahandaki mawili.
La pili lilikuwa na chupa."

Chupa elfu sitini.
Mwenye ghala, mwembamba, koti la sufu,
alizijua kama mama ajuavyo meno ya mwanawe:
huu wa mteremko ule, mwaka ule wa mvua ya mawe,
huu ulifichwa nyuma ya ukuta wa uongo wanajeshi wasiuone.
Hulazwa ubavu, alisema, kizibo kisikauke.
Waliokunywa walikunywa, wakatema ndooni kama walivyoagizwa.
Shebwana alishika glasi ya maji kwa adabu zote.
Mimi nikanusa tu,
nikamkumbuka mtu nisiyemjua.

Babu wa baba yangu, Mwachiro wa Nyanje, mgema.
Alikuwa juu ya mnazi walipokuja kukamata wapagazi.
Akaamriwa ashuke, akashuka, kibuyu kiunoni.
Wakampa nambari, wakamtwika,
akaelekea kusini kwenye ugomvi wa watu asiojua majina yao.
Habari yake ndiyo hiyo. Haina mkia.
Mjini, kando ya barabara, zimesimama sanamu za shaba.
Nimewapeleka wanafunzi pale miaka kumi na minne;
kila mwaka mmoja huuliza yupi ni wetu,
nami hujibu "wote", jibu la mwalimu.

Jana nilikwenda Mwakirunge kwa shangazi Mbodze,
kupita malori ya taka na kunguru wake.
Mangwe yake ya makuti, wateja saba, mirija saba.
Nikampa kizibo. Akakinusa.
"Mti tu huu."
Nikamweleza: mvinyo wa miaka themanini, na haujaharibika.
Akacheka hadi leso ikamdondoka begani.
"Wetu ukilala, kesho siki. Ndiyo twagema kila siku,
asubuhi, mchana, jioni. Wa kuweka hakuna."

Nyuma ya jiko, karibu na pipa la maji,
kigingi cha mti, kimo cha goti, kimevishwa kitambaa.
Utotoni nilifunga mbuzi pale, siku moja,
nikachapwa bila kuelezwa.
"Mwachiro," akasema shangazi, akamimina kata moja mchangani,
akarudi kumhesabia mteja chenji.
Hakikuandikwa kitu. Mchwa wamekula utosi.
Hiki cha tatu, aliniambia baadaye, akiosha mirija;
viwili vya kwanza vilioza,
na kila kilipooza mtu alikwenda kutafuta mti.

Kifungu cha saba: Mafunzo yaliyopatikana.
Saa sita usiku, mbu wa Tudor, kalamu.
Nimeandika: Kuna vinavyodumu kwa kulazwa.
Nikafuta.
Nikaandika: Mbuzi.
Nikafuta hilo pia.
Shebwana amepiga simu, hajalala naye,
auliza pale penye chupa tupaiteje, ofisi isije ikacheka.
Nimemwambia aache vivyo hivyo.
Handaki.