Swali la Tisa

Fomu ninayo mezani,
swali la tisa, jamani:
"Umetiwa hatiani?"
Kalamu imeniganda.

Shangazi kaniambia:
"Tia 'La', utaingia.
Huko nani atajua
Malindi ulichotenda?"

Nikisema, watakata
nafasi niliyopata;
babangu kauza bata
na redio na kitanda.

Pikipiki ya jirani,
taa mbovu, na leseni
sikuwa nayo; Maweni
kamgonga mwenye punda.

Hakimu hakunichapa,
faini tulishalipa,
lakini wake mfupa
uliunga umepinda.

Wiki mbili sikutoka
wodini; taa nashika
umeme ukikatika,
nesi aosha kidonda.

Nikifuta hilo kosa
daktari namtosa.
Naandika "Ndiyo" sasa:
Yeri Ngowa, mwenye punda.